Sikio Lililorudi Kutoka Ziwani

Wiki iliyopita, wasomaji wangu, niliwaacha mlangoni mwa karakana yangu. Mke wangu ameingia na mfuko wa sandarusi, nami nimemwuliza ndani kuna nini. Ujumbe wenu nimeupata. Mmoja ameniita fisi. Haidhuru, fisi naye ana la kujitetea.

Kwa aliyechelewa, niseme kwa kifupi. Mimi ni fundi wa sona za boti za uvuvi. Chini ya boti hufungwa kidude kisichozidi kiganja, kinapiga mlio majini na kusikiliza mwangwi ukirudi. Juu, mbele ya nahodha, kioo kinamchorea kina cha maji na samaki waliopo. Kidude kile mabaharia hukiita jicho. Mimi huwaambia ni sikio, kwa sababu hakioni kitu, kinasikiliza tu.

Kaka yangu alikuwa nahodha. Boti yake nilimfungia sikio mimi mwenyewe, na huwezi kulifunga bila kutoboa tundu chini ya boti. Siku moja ya upepo akatoka peke yake, hakurudi. Ziwa likaturudishia koti lake na kreti za samaki. Watu wakasema tundu la fundi limemmeza kaka yake, nami nikaamini. Msiba ukapita bila kaburi. Mwaka ukazunguka, nikamwoa mjane wake.

Sasa mnajua fisi katokea wapi. Turudi karakana.

"Nimekuletea kazi," mke wangu alisema, akauweka mfuko juu ya meza.

Boti yetu mpya ilikuwa uwanjani juu ya magogo, mbao zimekwisha kuzibwa, imebaki rangi na sona. Kioo tulikuwa nacho. Tulichokosa ni sikio.

"Umelipata wapi?"

"Kwa jamaa mmoja wa vyuma chakavu. Anasema ni zima."

"Watu wa vyuma chakavu hata maiti watakwambia ni mzima."

Hakucheka. Kwa kawaida hucheka hata utani wangu mbovu, ndiyo maana nilimwoa. Nikafungua mfuko.

Nililijua kabla sijalishika.

Naomba mnielewe hapa, maana kila kitu kimeanzia hapa. Chini ya boti hapako sawa kama meza, pameinama. Ukilifunga sikio hivi hivi litasikiliza kando. Kwa hiyo unachonga kitako cha mbao ngumu, upande mmoja umelala na mwinamo wa boti, upande wa pili umetazama chini wima. Kila boti na kitako chake, na kila fundi na mkono wake. Mimi huchonga nyuma ya kitako kama mkia wa samaki ili maji yateleze bila mapovu. Mafundi wenzangu hunicheka, wanasema napoteza muda kupamba mahali panapoonwa na kambale tu.

Mkia ule ulikuwa wa kwangu. Ubavuni kulikuwa na pengo lile lile nililolichimba patasi iliponiteleza, kaka yangu akaniambia, "Mdogo wangu, mbao imekukosea nini?"

Lilikuwa sikio la boti yake. Boti iliyozama.

Jambo la kwanza nililolihisi, nawaambieni bila aibu, ni furaha. Nati ya sikio hufunguliwa kutoka ndani ya boti, na ukiifungua boti ikiwa majini, maji yanaingia kwa kishindo. Waya wake ulikuwa mzima, umekunjwa vizuri, na kichwa chake cha kuchomeka kipo. Mwizi hukata waya. Aliyelitoa hili alilitoa taratibu, boti ikiwa nchi kavu. Maana yake boti ilifika nchi kavu. Tundu langu halikumwua mtu.

Mwaka mzima nilikuwa nikijiita muuaji. Nilikuwa siwezi kuona maji yakizunguka kwenye karo bila kuuma meno. Na sasa mzigo ule ulinishuka mabegani, nikataka kupiga kelele.

Kisha nikaona rangi.

Chini ya boti ya kaka yangu palikuwa pekundu. Kitako kilikuwa na wekundu ule, lakini juu yake kulikuwa na buluu. Buluu mpya. Mtu ameipaka boti ile rangi nyingine baada ya sisi kumlilia mwenyewe. Na kuzunguka uso wa sikio, buluu imekomea kwenye mstari ulionyooka. Kabla ya kupaka, mtu alibandika utepe kuuziba uso ule.

Wavuvi wote ninaowajua hupaka brashi kuanzia mkuku, ule uti wa chini wa boti, mpaka juu, sikio nalo linapata rangi yake, kisha wanakuja kwangu kulalamika kwamba mashine imekuwa kiziwi. Ni mtu mmoja tu niliyewahi kugombana naye mpaka akajifunza kubandika utepe.

Kaka yangu alikuwa hai. Na mimi nililala kitandani mwake.

"Umekionaje chombo?" mke wangu aliuliza.

Alikuwa amesimama karibu na mlango, mwanga uko nyuma yake, sikuuona uso wake vizuri.

"Kizuri," nikasema.

"Hakina kasoro?"

"Ni chombo tu kama vingine."

"Haya," akasema. Akaondoka.

Mnaweza kuniuliza kwa nini sikusema. Mimi mwenyewe nimejiuliza. Nilijiambia nitasema nikishapata uhakika, kana kwamba uhakika ule mezani haukutosha. Ukweli ni kwamba nilimwona mke wangu akikata uwanja, kanga imemkaa begani, anaikwepa mitambo yangu mibovu bila kuitazama kwa jinsi alivyoizoea karakana, nikaona kwamba neno moja langu litamtoa humo asirudi tena. Nilimpenda. Mlitaka nifanye nini?

Nilichukua msasa. Nikaiondoa buluu, nikaufuata wekundu, nikafika kwenye mbao. Vumbi likanijaa puani. Kisha nikaona bado mkia ule unanitazama, nikakipasua kitako kwa shoka na kukitia kwenye jiko la kuchemshia lami.

Kitaalamu sikukosea chochote. Kila boti na kitako chake, nimewaambia. Fundi yeyote angekitupa.

Kilichukua muda kuungua.

Mama alitukuta mezani. Mama yetu, namaanisha, wangu na wa kaka. Anaishi nyumba ya pili, na huja bila kubisha hodi kwa sababu anasema mlango wa mwanawe si wa kubishwa. Siku hizi masikio yake hayasikii vizuri, kwa hiyo husema kwa sauti ya kuwaita watu walio ng'ambo ya mto.

"Nani alikuwa nyuma ya nyumba adhuhuri?" akauliza.

"Hakuna mtu, mama," nikasema.

"Nimesikia mtu akikohoa."

"Mama, wewe hata nikikuita mara tatu hunisikii."

"Wewe unanong'ona. Kikohozi kile nimekisikia tangu kikiwa cha mtoto. Ni cha kaka yako."

Kijiko kilinitoka. Mke wangu alikiokota, akakifuta, akakirudisha karibu na sahani yangu.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Nilikuwa napiga msasa. Vumbi lilinikaba."

Mama alinitazama kwa muda. Ana macho makali kuliko masikio.

"Basi umekohoa kama yeye," akasema. "Kunywa maji."

Alipoondoka tulibaki wawili na sahani zetu. Ukutani, pembeni ya mlango, kuna msumari ambao kaka yangu alikuwa akitundika kofia yake. Tangu nihamie nyumba ile sijatundika chochote hapo, na wala sijaung'oa. Mke wangu naye huupita. Usiku wa kwanza wa ndoa yetu nilizima taa ili nisiuone, nikakuta gizani nauona vizuri zaidi.

"Lile sikio," mke wangu akaanza. "Huyo jamaa hakusema limetoka boti gani?"

"Si wewe uliyezungumza naye?"

"Nakuuliza wewe. Fundi hujua. Si huwa unasema unaweza kuangalia tundu ukamtaja fundi aliyelitoboa?"

"Huwa najisifu."

"Kwa hiyo hulijui?"

Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa vidole vya mikono yote miwili. Nililiona hilo. Nikadhani kuna jambo jingine, uchovu labda, au maneno ya mama.

"Silijui," nikasema.

Akainuka akakusanya vyombo. Akaviosha vyote, hata visivyokuwa na uchafu, na mimi nikakaa pale nikisikiliza maji. Mficha uchi hazai, wazee walisema, lakini hawakusema afanye nini yule ambaye uchi wake ni mtu mzima, ana kikohozi, na yuko nyuma ya nyumba.

Nilitoka nikazunguka nyumba nzima. Palikuwa na ndoo, kamba ya nguo na paka. Nikamwuliza paka. Paka naye akanyamaza.

Kazi yenyewe niliifanya vizuri. Niseme hilo, maana wapo watakaodhani niliifanya ovyo. Nilichonga kitako kipya. Mkono ulikataa kuchonga mkia wa samaki, nikakichonga butu kama wafanyavyo wengine.

Nilichagua mahali mbele ya pangaboi linaloisukuma boti, mbali na maji yanayochafuka, kando ya mkuku. Nikatoboa kijitundu kidogo kutoka ndani ili nijue nitatokea wapi, kisha nikalala chali chini ya boti na keekee yenye msumeno wa duara. Vumbi la mbao linakushukia usoni hapo, na mwishoni kipande cha mviringo kinadondoka kifuani na unaona mwanga wa ndani ya boti kupitia tundu ulilolifanya wewe. Kila fundi huogopa dakika ile. Boti ilikuwa nzima, sasa ina tundu, na tundu ni lako.

Nilitazama kupitia tundu lile nikaona kivuli kikipita.

"Nani?" nikapiga kelele.

"Mimi," mke wangu akajibu kutoka ndani ya boti. "Nimekuja kukushikia tochi."

"Sihitaji tochi."

"Mara ya kwanza ulihitaji."

Ni kweli. Nilipolifunga sikio la kaka yangu, huyu huyu mke wangu ndiye aliyeshika tochi. Nilikuwa nje nimelishika kwa chini, kaka yuko ndani akikaza nati, na shemeji yangu wa wakati ule ameinama kati yetu, anatumulika kwa zamu na kutucheka wote wawili kwa jinsi tulivyojaa gundi. Nilikuwa nimelisahau hilo. Au sikutaka kulikumbuka, kwani kama alishika tochi, basi alikiona kitako.

Lakini mwanamke atakumbukaje kipande cha mbao? Nilijiambia hivyo. Nilijidanganya kirahisi kama ninavyomdanganya mteja kwamba kazi itakwisha kesho.

Nilipaka gundi, nikalisukuma sikio likakaa. Yeye alikuwa ndani.

"Nikaze?" akauliza.

"Kaza kwa mkono. Nitaongeza robo mwenyewe, usizidishe. Mbao hii bado kavu. Ikishiba maji itavimba, na nati ikiwa imekazwa mpaka mwisho sikio litapasuka."

"Kwa hiyo mtu anaacha nafasi."

"Anaacha nafasi kidogo."

"Na akiacha, boti haizami?"

"Haizami, mke wangu. Inakazwa tena ikishakaa majini."

Halafu sauti yake ikashuka kupitia mbao.

"Fundi, kuna jambo lolote unataka kuniambia?"

Huwa haniulizi maswali ya namna hiyo. Nilikuwa chali, gundi inanidondokea shingoni, mikono miwili imeshikilia kile kitu kilichotoka kwa ndugu yangu. Neno lilikuja mpaka kwenye ulimi. Ningelisema, kungekuwa na ubao kati yetu na nisingeuona uso wake. Sikupata nafasi nzuri kuliko ile, na sitaipata.

"Niambie ukichoka," nikasema.

"Sijachoka," akajibu.

Boti tuliishusha kwa magogo asubuhi ya Jumapili, wapakaji na wazibaji wakisaidia kusukuma. Mke wangu alisema hataki baharia yeyote siku ya kujaribu. Sisi wawili tu, boti yetu, kwa nini tujaze watu? Mama alibaki gatini amekaa kwenye kiti chake, anatupungia mkono na kutuamuru tusiende mbali.

Nilijilaza ndani chini ya sakafu nikazungusha kipande cha gazeti kuzunguka nati. Karatasi ikilowa, kuna maji yanaingia. Lilikuwa gazeti hili hili mnalosoma, mhariri anisamehe, na ukurasa ulikuwa wa hadithi yangu mwenyewe ya wiki ile. Ikabaki kavu kama biskuti. Kazi zangu ziko sawa, ni mimi niliyevuja.

Tukaondoka. Mke wangu alikaa mbele ya kioo, mimi nikashika usukani. Gati likawa dogo, mama akawa nukta yenye rangi ya kitambaa chake. Kioo kilichora chini ya ziwa, mistari ya kahawia, mawe, kisha kina kikazidi na mchoro ukashuka.

Halafu ukaja mstari mwingine.

Ulikuwa katikati ya maji, haugusi chini wala haufiki juu. Mwembamba, umenyooka. Nikapunguza mwendo. Ukabaki. Nikakata kushoto. Ukatufuata. Nikazima pampu, kwani waya wa pampu ukilala karibu na wa sikio huleta mazimwi, yaani mistari ya uongo, kwenye kioo. Haukuondoka. Nikazima injini kabisa, boti ikaelea, na mstari ukakaa pale pale chini ya miguu yetu kama kitu kilichojinyoosha kinatusikiliza.

Nilimfikiria kaka yangu amelala pale katikati, chali, anatazama chini ya boti yangu. Nilikuwa najua kwamba yuko hai, na bado nilimwona maiti. Ndivyo mtu anavyokuwa anapobeba siri: anamwogopa yule yule mara mbili, akiwa hai na akiwa amekufa.

"Ni nini hicho?" mke wangu akauliza.

Akili ya fundi ikarudi.

"Maji," nikasema. "Juu ni ya vuguvugu, chini ni ya baridi. Yanapokutana, mlio unagonga pale na kurudi. Hakuna kitu. Ni mpaka tu wa maji."

"Una hakika?"

"Kabisa."

Akageuka kutoka kwenye kioo.

"Kumbe ukitaka kusema kweli, unaweza."

Nikaugeuza usukani, ingawa boti ilikuwa haiendi.

"Sikulinunua sikio lile," akasema. "Hakuna jamaa wa vyuma chakavu. Liliwekwa mkononi mwangu."

"Na nani?"

"Usiniulize na nani. Ulijua na nani pale ulipofungua mfuko. Nilikuona. Ulikitazama kile kitako kitambo, halafu ukasema ni chombo kama vingine."

"Mke wangu..."

"Alikuja nyuma ya nyumba. Nilidhani nimeona jini, nikadondosha beseni. Nilipotaka kupiga kelele alinishika mdomo. Amekonda. Sababu za kuondoka kwake atakueleza mwenyewe, mimi amenieleza na bado sijui nizipokee vipi. Lakini nilimwambia jambo moja. Nilimwambia, umechelewa. Nimeolewa na mdogo wako, na ni mtu mwema."

Boti ilikuwa ikizunguka taratibu bila injini. Ziwa lilikuwa limetulia na upepo haukuwapo.

"Ulimwambia hivyo?"

"Nilimwambia hivyo. Akacheka, lakini si kwa ubaya. Akatoa sikio lile kwenye begi lake. Akasema, mpe. Kitako ni cha mkono wake, atakijua kabla hajakishika. Usimwambie limetoka wapi. Akikwambia siku hiyo hiyo kwamba niko hai, hata kama itamtoa roho, basi ni mwema kweli na wewe ni mke wake. Nitakupa talaka yako, nirudi ng'ambo, na hamtanisikia tena mpaka Mungu atuite."

"Na nisiposema?"

"Hakusema. Nilimwambia hakuna haja, kwa sababu utasema."

Hapo ndipo alipolia. Hakujifunika uso. Machozi yalimshuka tu, na sauti yake haikubadilika.

"Nilikuuliza karakana. Nikakuuliza mezani, mama yako ametoka kutuambia amemsikia, nikasema sasa hana pa kujificha, atasema. Ukaniangalia usoni ukasema hulijui. Nikakuuliza ukiwa chini ya boti. Niliona moshi wa kile kitako. Nilisimama dirishani nikausikia ukinuka rangi. Na bado nilikuwa nikimwomba Mungu, mpe ulimi mume wangu, mpe neno moja tu. Nilikuwa upande wako! Unanielewa? Kati yenu wawili, mimi nilikuwa nimeshakuchagua wewe."

Nilitaka kusema niliogopa kumpoteza. Nikaona jinsi litakavyosikika. Nilikuwa nimempoteza kwa kuogopa kumpoteza, na ningekuwa mjinga kidogo tu kuliko nilivyo ningecheka.

"Nisamehe," nikasema.

"Nimekusamehe jana. Kuamini ndiko kulikogoma." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Angalia gatini."

Nilitazama. Nukta ya mama ilikuwa pale. Kando yake palikuwa na nukta nyingine, imesimama. Hata kwa umbali ule niliona mama ameinuka kwenye kiti chake, na kisha nukta mbili zikawa moja na zikakaa hivyo muda mrefu.

Mwaka mzima nilikuwa nimeombea jambo hilo hilo. Kaka yangu, aliyenifundisha kuogelea, aliyenipa patasi yangu ya kwanza, alikuwa amesimama kwenye jua na kivuli chake, na moyoni mwangu nilitafuta furaha sikuipata hata ya dawa.

Mke wangu akajifunga kanga vizuri. Alikaa wima kama mtu aliye safarini, mikono juu ya magoti.

"Washa injini, shemeji," akasema. "Mume wangu ananingoja."

Nikawasha. Nikashika usukani. Kwenye kioo mchoro ukaanza kusogea tena, na mstari ule wa maji ukatufuata chini yetu.

"Shemeji," akasema baada ya kitambo. "Gati liko upande ule."

"Najua," nikamjibu, na nikaongeza mwendo.